Nakula mimea tupu, na mapafu ni yaleyale

Watu wakishajua kwamba sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, halafu wakaniona nimesimama katikati ya ngazi natafuta pumzi, huwa na maneno ya aina mbili. Wengine husema, "Ndiyo maana umekonda, kula nyama mama." Wengine husema, "Hongera, mboga zitakusafisha mapafu, hizo dawa utaacha." Wote nawasikiliza, kwa sababu wengi wao ni wateja wangu na mteja habishiwi. Lakini chakula changu hakijanitibu kifua, na hakijaniua. Taabu niliyoipata ilitoka kwenye jiko nililopikia na kilo nilizopoteza, na baadaye ikatoka kwenye kitu kidogo sana ndani ya damu ambacho ningekula mchicha wa bustani nzima nisingekipata.

Mimi ni mama lishe. Nimepika kandokando ya Soko la Majengo, hapa Dodoma mjini, tangu wanangu wakiwa wananing'ang'ania kanga, na siku hizi wao ndio wanaoninyanyulia masufuria. Nilianza na kuni kwenye mafiga, nikahamia mkaa. Banda langu la mabati lilikuwa na dirisha moja, na nililiziba kwa gunia kila ulipofika msimu wa upepo, maana vumbi la huku kuanzia Juni mpaka Oktoba halina adabu, linaingia hata kwenye sufuria lenye kifuniko. Vumbi likabaki nje, moshi ukabaki ndani na mimi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016 wateja wakaongezeka, nikaongeza majiko. Sigara sijawahi hata kuishika.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeugua kifua kikuu. Nilimaliza dozi yote ya miezi 6, ile ya dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo na dawa mbili kwa miezi 4 iliyobaki, mkojo ukiwa rangi ya chungwa kila siku. Makohozi yakapimwa, yakawa safi, nikaambiwa nimepona. Nilikuwa nimepona kweli, vimelea havikuwepo tena. Ila pafu lililoliwa halioti upya, linabaki na makovu. Miaka ikapita nikawa nakata pumzi kubeba ndoo ya maji ambayo zamani niliibeba huku napiga soga. Asubuhi nilikuwa nakohoa makohozi mazito mpaka machozi yanatoka. Nikajua TB imerudi. Nikapima tena na tena, haikuwa TB.

Aliyegundua ni daktari aliyenipa kipimo cha kupuliza. Unabanwa pua, unavuta pumzi yote uliyonayo, halafu unaipuliza kwenye mrija kwa nguvu huku mtu amesimama pembeni anakupigia kelele, "Puliza, puliza, endelea, usiache!" Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Daktari akaangalia mchoro, akaniuliza kama navuta sigara, nikasema sivuti. Akauliza, "Unapikia nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo kabla yake. Kwenye karatasi akaandika COPD, yaani njia za hewa zimeziba na hazifunguki tena zote, na picha ilionyesha mirija ya pafu la kulia imetanuka kwa ajili ya makovu ya TB. Akanipa pampu, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, na akanifundisha kuitumia kwa kupitishia dawa kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, ili dawa ifike kifuani badala ya kuishia kooni. Halafu akanipandisha kwenye mizani. Nilikuwa na kilo 43.

Nyama niliiacha kwa sababu ya moshi wake. Sikuwa na falsafa yoyote. Ukikaanga nyama ya ng'ombe kwenye mafuta ya moto, unatoka moshi wa buluu unaokaa hewani kama pazia, na huo ulikuwa unanibana kuliko moshi wa mkaa wenyewe. Nilianza kwa kumwachia binti yangu kazi ya kukaanga, akaihamishia nje uani. Baada ya muda hata harufu ikawa inanifunga kifua kabla sijala, hamu ikaisha. Samaki wakafuata, maana wale wa kukaanga wanatoa moshi uleule. Mayai sikuwahi kuyapenda. Nyama bado inauzwa kwangu, nisidanganye, dereva wa lori haji kula mlenda mchana. Anayeila si mimi.

Maziwa yana hadithi yake. Kila mtu aliniambia maziwa yanaongeza makohozi: jirani, muuza dawa, hata nesi mmoja. Nikayaacha. Baadaye mtaalamu wa lishe akanieleza kwamba watu waliopewa maziwa kisha wakapimwa makohozi hawakuonekana kuwa nayo mengi zaidi. Maziwa yakichanganyika na mate yanakuwa mazito kinywani na kooni, ndiyo maana mtu anahisi yamejaa. Nilikaa nikalitafakari hilo. Mgogo kama mimi, mtu wa kabila la wafugaji, kuishi bila maziwa kwa sababu isiyokuwepo! Lakini nilikuwa nimeshazoea, na tumbo lilikuwa limetulia, nikaamua niendelee bila maziwa huku nikijua kwamba ni uamuzi wangu, siyo agizo la mapafu. Nalisema kwa sababu kuna wagonjwa wananyimwa maziwa na ndugu zao, na hawana kingine cha kuwajaza mwili.

Na mwili lazima ujazwe. Mgonjwa wa kifua anatumia nguvu nyingi kupumua tu. Mtu mzima wa afya hajui kwamba anapumua. Mimi najua kila pumzi, misuli ya shingo na mbavu inafanya kazi kutwa kucha, na kazi hiyo inaunguza chakula. Kwa hiyo unaweza kula kama jirani yako na bado ukakonda. Ukikonda misuli inapungua, na misuli ya kupumulia ni misuli vilevile, nayo inapungua. Daktari alinieleza kwamba kwa mtu wa aina yangu kupungua uzito ni jambo la kuogopa kuliko kitambi. Nilicheka, maana mtaani kwetu mwanamke akikonda anaulizwa siri yake.

Hapo ndipo mimea tupu inapoleta shida ya kweli. Majani yanajaza tumbo kuliko yanavyojaza mwili. Sahani ya mchicha na ugali mkubwa inakushibisha mpaka huwezi kuinama, lakini nguvu yake ni ndogo. Na tumbo likijaa linasukuma kiwambo cha chini ya mapafu juu, pumzi inazidi kuwa fupi. Nilikuwa nakula mchana, halafu nakaa kwenye kigoda nusu saa nikihema kama niliyekimbizwa. Nikawa naogopa kula. Nilikula kidogo nikakonda, nilikula sana nikabanwa.

Mtaalamu wa lishe hakunishawishi nirudi kwenye nyama, na namshukuru kwa hilo. Aliniuliza nauza nini na nyumbani kuna nini, akafanya hesabu na vitu vyangu mwenyewe. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina kalori kama 120, na hakichukui nafasi tumboni. Gramu 100 za karanga zina protini karibu gramu 25, na maharage makavu hayako mbali na hapo. Kwa uzito wangu nilihitaji protini ya gramu 50 na kitu kwa siku, na alisema inapatikana bila mnyama yeyote, mradi nichanganye nafaka na jamii ya kunde, kwa sababu kinachopungua kwenye uwele au mahindi kinapatikana kwenye kunde na choroko. Nikamwambia, hayo si makande? Akasema ndiyo, ni makande.

Basi nikaanza kula mara tano au sita kwa siku, kidogokidogo, kwa bakuli la mtoto. Asubuhi uji wa uwele mzito, na ndani yake karanga zilizosagwa zikalainika mpaka uji unang'aa kwa mafuta yake. Katikati ya asubuhi parachichi, zinazotoka Njombe na Mbeya na hapa sokoni hazikosekani. Mchana ugali kiasi cha ngumi moja na mlenda. Mlenda ni rafiki wa mgonjwa wa kifua, unateleza wenyewe na hauchoshi kutafuna, kwa sababu kutafuna na kupumua kwa pamoja ni kazi, jaribu kula mhogo mkavu ukiwa umebanwa utanielewa. Ila mlenda wa maji matupu na chumvi hauna kitu. Wangu naupika na nyanya na karanga zilizopondwa, na nikishaepua naumiminia alizeti kijiko kimoja juu. Watu wa mjini wanaosema wanakula kwa afya wanayaogopa mafuta. Mimi nayapima kwa kijiko kama dawa, na ninayanywa kama dawa. Sukari na wanga vikiungua mwilini vinatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mafuta, na hewa hiyo lazima mapafu yaitoe, kwa hiyo uji wa sukari tupu sikuuona kuwa njia ya kunenepesha mtu anayehema.

Gesi tumboni nilipambana nayo zaidi ya kitu kingine. Maharage yakikujaza upepo, kiwambo kinasukumwa vilevile kama umekula sahani tatu. Sasa nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji yote, nayachemsha kidogo, namwaga tena, ndipo napika. Wenzangu wananiambia namwaga vitamini. Sawa, kidogo zinapotea, lakini pumzi yangu ni bora. Choroko na dengu za kukobolewa hazisumbui sana, kabichi nimeiachia wateja. Magadi nimeyapiga marufuku kwenye chungu changu mwenyewe. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na yanaongeza chumvi ya aina yake mwilini, na mimi miguu yangu ikishaanza kuvimba ni habari nyingine. Na kabla ya kula, nusu saa au zaidi, nakaa nikakohoa makohozi yote ninayoweza kuyatoa. Ukiyaacha yatakuja katikati ya chakula na utatapika ulichokula kwa taabu.

Ugomvi wa mimea na mapafu yangu nimeuona kwenye jiko, na hauzungumzwi. Wapo wanaosifia maharage, kunde, njugu mawe, mbaazi, makande. Nani anataja kwamba chungu cha njugu mawe kwenye mkaa ni saa tatu? Nyama ya kukaanga ilikuwa inanitesa kwa dakika 20, halafu basi. Nilipohamia kwenye nafaka nzima na kunde kavu nikawa nakaa na mkaa muda mrefu zaidi kuliko mwanzo. Mkaa hautoi moshi mwingi wa kuonekana kama kuni, kwa hiyo unadhani uko salama, lakini unatoa chembe ndogo na hewa ya sumu isiyo na harufu, ile inayoua watu wanaolala na jiko ndani wakati wa baridi ya Juni na Julai. Nilikuwa najisifu kwamba nakula vizuri huku kifua kikizidi kuziba.

Mwanangu wa kiume ndiye aliyeleta jiko la presha la umeme, alilikuta linauzwa na mfanyakazi aliyehamishwa. Nililiogopa. Tulikuwa na stori za sufuria za presha kulipuka na kuacha maharage darini. Siku ya kwanza niliweka kunde zilizolowekwa, maji yakazipita kwa vidole viwili, nikafunga mfuniko mpaka ukalia, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Likanyamaza, baadaye likaanza kutoa mvuke mdogo kwenye kile kitufe cha juu, kisha kitufe kikapanda na kimya kikarudi. Dakika 25. Nikasubiri kitufe kishuke chenyewe, nikafungua, nikaibana kunde moja kwa kidole, ikasagika. Ndani ya chumba hakukuwa na moshi wala joto, na nilikuwa nimekaa kitako muda wote. Umeme uliotumika, kwa hesabu ya luku, ulikuwa pungufu ya fedha ambayo ningenunulia mkaa wa chungu hicho. Banda la biashara sasa lina mitungi ya gesi na lile gunia la dirishani nimelitoa. Vumbi linaingia, tunafuta.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Nausikia redioni ukitajwa kwa habari ya misitu. Misitu ni kweli, ukienda Chamwino au Kongwa utaona vilima vilivyobaki visiki. Lakini ningependa watangazaji waseme na mapafu ya mama lishe, maana miti itaoteshwa tena. Na waseme bei ya kujaza mtungi, kwa sababu wenzangu wengi wana mtungi uliowekwa uani kama pambo, umeisha gesi, wamerudi kwenye mkaa wa kupima kwa kopo.

Jambo jingine ambalo mla karanga wa kanda ya kati hana budi kulijua ni sumukuvu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ukungu wake hushambulia mahindi na karanga, na sumu yake haiishi kwa kupika wala kukaanga. Mimi karanga ndizo nyama yangu na maziwa yangu, kwa hiyo nimekuwa mkali. Nanunua zenye maganda, napukuchua mwenyewe, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa na mdudu inatupwa, kuku pia hapewi. Unga wa karanga wa kwenye ndoo sokoni, ambao huoni umesagwa na nini, siutaki hata kwa bure.

Sasa niseme lile la kwenye damu. Uzito ulikuwa unapanda, jiko limebadilika, kifua kimetulia kiasi cha kwenda kanisani kwa miguu bila kusimama njiani. Halafu nikaanza kuchoka upya. Pumzi ikawa fupi tena, moyo unadunda nikipanda kitanda, na nyayo zikawa na ganzi kama nimevaa soksi nene. Kwenye zahanati moja niliongezewa dozi ya pampu, nikaambiwa ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Pampu haikusaidia, mikono ilitetemeka tu. Bahati niliitaja ile ganzi nilipokwenda kliniki, naitaja kama kitu cha pembeni, nikidhani ni uzee au kandambili. Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza nakula nini, nikamwambia kwa majivuno kabisa. Akaagiza picha kamili ya damu, ikaonekana damu imepungua na chembe nyekundu zimekuwa kubwa kupita kawaida. Ulikuwa upungufu wa vitamini B12.

Vitamini hiyo haimo kwenye mmea wowote wa kutegemewa. Inatengenezwa na bakteria, na binadamu tunaipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Ini linaweza kuitunza akiba kwa miaka, ndiyo maana mtu anaacha vyote hivyo na anaendelea kutamba kwamba yuko fiti, mpaka akiba inapokwisha. Na mimi nilikuwa nakula majani mengi yenye asidi ya foliki, ambayo inaweza kuifanya damu ionekane nafuu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chinichini. Kwa mgonjwa wa mapafu hatari yake imejificha: damu ikipungua unakata pumzi, na kila mtu, wewe mwenyewe ukiwemo, anasingizia mapafu. Nilichomwa sindano, mwanzoni zikiwa karibukaribu, baadaye zikaachana, na sasa niko kwenye vidonge. Uchovu uliondoka mapema. Ganzi ya mguu wa kushoto imebaki kidogo mpaka leo. Wanaouza mlonge, mwani wa unga na juisi za kijani wakidai vina B12 ya kutosha, wauze, ila mwenye mapafu mabovu asiwaamini kwa hilo. Kidonge hiki ni chakula, siyo dawa ya kuona aibu.

Mengine ni madogomadogo. Chai nakunywa mbali na chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya kwenye uwele na kunde yasiingie mwilini, na badala yake mezani kuna maji ya ubuyu, ambayo vitamini C yake inayasaidia yaingie. Ubuyu kwetu si kitu cha kutafuta, mibuyu imejaa kuanzia hapa mpaka Kongwa. Kifua kikichachamaa napewa vidonge vya prednisoloni kwa siku chache, navyo vikitumiwa mara kwa mara hupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo asiyekunywa maziwa inabidi atafute kalsiamu kwa makusudi. Mimi natumia ufuta usiokobolewa na majani ya kunde, na jua la asubuhi nalipata bure kabla upepo haujaanza.

Siku kifua kimebana kweli, hapo hakuna habari ya mlo kamili. Nakunywa uji mwembamba wenye karanga, fundo moja moja, nikitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepoza chai. Makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka, naenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna mama mwenzangu wa sokoni, naye alikuwa na kifua, aliyeuziwa chupa za "kusafisha mapafu kwa mimea" akaacha pampu yake, kwa sababu muuzaji alimwambia dawa za hospitali na mimea vinapigana. Tulimbeba kwenye bajaji midomo imekuwa ya bluu. Alipona, lakini fedha ya mtaji iliishia kwenye zile chupa. Mimi nakula mimea kuliko muuzaji yule, na pampu yangu iko kwenye pindo la kanga muda wote.

Nyumbani kwetu Mvumi ndiko jambo hili lilikokuwa gumu kuliko hospitali. Kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, mbuzi amechinjwa, na sahani ya kwanza ikaletwa kwangu, dada mkubwa wa nyumba. Nikairudisha kwa heshima nilizozijua zote. Kaka akasema kwa sauti ya kusikika na wageni, "Mahari yako tulipokea ng'ombe, leo hata maziwa yake huyataki? Sisi tunachunga ng'ombe, mwenzetu anachunga majani." Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, na kucheka kukanipa kikohozi kirefu, kicheko kikaisha. Nikawa nimeinama, mikono magotini, pampu mdomoni, sherehe nzima inanitazama.

Shangazi yetu, ambaye ni mzee kuliko wote pale, akanisogezea kigoda. Aliposikia pumzi imerudi akamgeukia kaka.

"Wewe umezaliwa nyama ikiwa buchani," akamwambia. "Sisi tumekulia uwele na mlenda. Mbuzi tulimwona harusini na msibani. Na tuliishi, ndiyo mkazaliwa."

Nikamwambia, "Ahsante shangazi."

"Usinishukuru bado. Maziwa tulikunywa kila siku. Wewe unayaacha, unaweka nini mahali pake?"

Nilimweleza habari ya vidonge, karanga na ufuta. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza kidonge kinauzwaje, kinanywewa mara ngapi, na kama ndicho kilichoniondolea ganzi, kwa sababu na yeye nyayo zake zina ganzi. Nikamwambia ganzi ina sababu nyingi, sukari ikiwemo, aende akapimwe. Tukakubaliana nimpitie wiki inayofuata twende pamoja. Halafu akaita wasichana wa jikoni waniletee mlenda, na wakati naondoka akawa amefunga paja la mbuzi kwenye gazeti na mfuko wa sandarusi.

"Hili la mkwe wetu," akasema. "Yeye kifua chake kizima, au na yeye umeshamwekea masharti?"

Nililipakata kwenye daladala mpaka Dodoma mjini, damu ikipenya gazeti, na kondakta akaniambia mama leo nyumbani kwako kuna sikukuu.